Barabara ya Zamani Juu ya Handaki

Mume wangu aliniahidi milima ya Japani kabla hatujafunga ndoa. Alikuwa mhandisi kijana wa mitambo ya maji, ndiyo kwanza amerudi kutoka mafunzo ya miezi michache huko, na amekuja nyumbani kwetu na mama yake kuposa. Wazee walikuwa sebuleni na mazungumzo yao. Sisi wawili tuliachiwa chumba cha pili, mlango wazi, dada yangu mkubwa amekaa karibu ya kizingiti na kikombe cha kahawa kisichokwisha. Nilitegemea ataniuliza mambo ya kuulizana siku kama ile, nimesoma wapi, napenda nini. Yeye akaanza kunieleza mtu aliyemwona kutoka dirisha la treni.

"Tulikuwa tunapita bondeni," alisema. "Mto upande huu, mlima upande huu. Nikamwona mzee juu ya baskeli, kichwa kizima mvi, kafunga mifuko huku na huku, anapanda. Taratibu, kama mtu asiye na haraka na lolote. Treni ikampita, mie nikageuza shingo kumtazama mpaka akapotea. Nikasema, siku moja ntarudi nifanye vile."

"Peke yako?"

Akanitazama, akacheka. "Ntakupeleka."

Mimi sikuwa hata najua kuendesha baiskeli. Nyumbani kwetu baiskeli ilikuwa kitu cha hadithi za Unguja, za baba na wajomba waliokuwa wakienda skuli Mjini nayo. Maskati tuliyokulia sisi ilikuwa mji wa magari. Ukitaka mkate unapanda gari. Lakini sikumwambia. Nilimpenda kwa ile habari ya mzee wa mlimani kuliko kwa lolote jengine alilolisema siku hiyo, na nikaona kuendesha nitajifunza baadaye.

Baadaye hiyo ilichukua muda. Walikuja watoto, ikaja kazi yangu ya ualimu, ikaja nyumba ya Bawshar tuliyohamia tukiwa bado hatuna mapazia. Mama mkwe akaja kukaa nasi. Kila mwaka, joto linapoanza kupungua, mume wangu alikuwa akitoa ramani ya Japani, anaitandaza juu ya meza ya chakula, anapitisha kidole bondeni kule alikomwona yule mzee. Kisha anaikunja. "Mwakani," anasema. Neno hili lilikuwa halituumizi wakati ule. Tulikuwa tukilisema kama watu wanavyosema kesho.

Nilikuwa nimeshapita arubaini nilipojifunza. Alinifundisha asubuhi za Ijumaa baada ya sala ya alfajiri, kwenye uwanja wa kuegesha magari wa duka kubwa lililo karibu na kwetu, kabla halijafunguliwa. Yeye alikimbia pembeni ameshika kiti, kanzu ameikunja kiunoni, na mimi nikipiga kelele asiniache, kumbe ameshaniacha kitambo. Mama mkwe hakupendezewa.

"Mwanamke mzima juu ya baskeli," alisema, "Maskati hii hii. Watu watanambia nini mie?"

"Watakwambia mkweo ana miguu," mume wangu alimjibu.

Mama alinuna wiki mbili tatu. Halafu Ijumaa moja akanikuta naingia uani, uso umeniiva, nguo zimenata kwa jasho, nacheka peke yangu. Akaniuliza, "Umefika wapi leo?" Nikamwambia nimefika Maskati yenyewe, mji wa kale, nimepita mbele ya kasri, nimerudi. Ijumaa iliyofuata nikakuta tende na kahawa mezani, na yeye amekaa ananingoja nimwambie njia ilikuwaje. Akawa hivyo mpaka mwisho wake.

Tulijiunga na watu wengine, kikundi cha Ijumaa. Wakati wa baridi tulikuwa tukienda mpaka Qurayyat, barabara ile inayopanda na kushuka kati ya milima mikavu, na kule chini tunakunywa chai ya maziwa karibu na mashua kabla ya kurudi. Mume wangu alikuwa hodari kuliko wote wa rika lake. Alikuwa anapanda mlima amekaa, hasimami juu ya pedali, anazungumza njia nzima. Mimi nilikuwa nafuata nyuma nikimtukana kimoyomoyo. Tulisema tunajizoesha kwa ajili ya Japani.

Kuna mwaka tulikaribia. Mama alikuwa ameugua muda mrefu, kisha akapata nafuu, akatuita chumbani kwake. "Nendeni huko kwenu Japani," alisema. "Miye nna wanangu wengine watanitazama. Nendeni mkiwa na nguvu." Nikafunga mabegi. Wiki ile ile mtambo wa kazini kwa mume wangu ukaharibika, akaambiwa hakuna wa kushika nafasi yake. Nikafungua mabegi, nikarudisha nguo kabatini. Mwakani yake mama akalala tena, na safari hiyo hakuinuka. Tukamzika, tukakaa matanga, na ramani ikabaki ndani ya mtoto wa meza. Hakuna aliyeitoa mwaka ule.

Tulikwenda miaka mitatu iliyopita, mume wangu alipostaafu. Watoto walishakuwa watu wazima, kila mmoja na kwake. Tuliondoka Maskati kungali na joto la kuunguza, tukashuka Japani kwenye vuli yao, majani yanabadilika rangi, hewa kama maji ya kisima. Tulikodi baiskeli katika mji mmoja wa mkoa wa Nagano, baiskeli za kubebea mizigo, mifuko miwili nyuma ya kila moja. Yule kijana wa dukani akatufungia na kengele ndogo za shaba kwenye mifuko. Tukadhani ni mapambo. Akatuonyesha kwa mikono, kucha juu, meno nje: dubu. Dubu akisikia kengele anakupisha.

"Sitaki ya kwangu iwe ndogo," nilimwambia mume wangu, na tukacheka mpaka nje.

Siku za mwanzo zilikuwa nzuri kiasi ambacho bado siwezi kuzieleza bila ya kusimama katikati. Barabara nyembamba zilizofagiliwa kama ua wa mtu. Mashamba ya mpunga yamekatwa, mabua yamefungwa mafungu mafungu, yananing'inia juu ya fito. Vijiji vya watu wazee, nyumba nyengine zimefungwa na majani yameota mpaka dirishani. Katikati ya msitu, pahala hakuna mtu wala nyumba, unakuta mashine ya kuuza vinywaji imewaka taa yake, na ndani yake mna mikebe ya kahawa ya moto. Jioni katika kila kijiji vipaza sauti juu ya nguzo vilikuwa vinapiga muziki mfupi, wa taratibu, kuwaambia watu siku imekwisha. Mume wangu alikuwa akisimama kila ukipigwa. Anaweka mguu chini, anasikiliza, halafu anaendelea.

Tulikuwa tunasali kando ya njia, chini ya miti, tukitandika makoti ya mvua. Yeye alitazama simu yake mara ya kwanza akasema, "Hata huku kibla magharibi." Jambo hilo lilimfurahisha siku nzima.

Ndani ya msitu ndimo nilimoanza kuona mambo. Miti ile ya milimani ni mirefu, imesimama karibu karibu, na chini yake mchana unakuwa kama magharibi. Mume wangu, aliyekuwa akitangulia siku zote, akaanza kubaki nyuma. Nikidhani amechoka, naringa kidogo, napanda mbele. Kisha akagonga tawi lililokuwa limelala wazi barabarani. Akayumba, hakuanguka. "Nilikuwa natazama mto," alisema. Siku ya pili yake akaparamia jiwe, tena jiwe kubwa kama boga, na sehemu ile hakukuwa na mto wa kutazama. Nikamwuliza kama miwani yake ni michafu. Akaivua, akaifuta, akaivaa tena. "Yallah, twende," akasema.

Handaki lilikuja mchana wa siku ya mawingu. Tulikuwa tumeshapita mahandaki mengine, mafupi, ya kuingia ukaona mlango wa pili umesimama mbele yako kama dirisha. Hili lilikuwa refu na la zamani, lina kona ndani yake, taa zake za manjano ziko mbali mbali na nyengine zimekufa. Pembeni kulikuwa na ukingo mwembamba wa kupitia watu. Nikawasha taa yangu, nikaingia. Nilisikia kengele yake nyuma yangu, kisha sikuisikia.

Nikasimama, nikaita. Sauti ikapigapiga kuta, haikurudi na neno. Mbele kukatokea lori, mngurumo wake ukajaza handaki zima mpaka kifuani, nikabana ukutani nikafumba macho mpaka lilipopita. Lilipopita nikaiegesha baiskeli, nikarudi kwa miguu nikikimbia, mkono mmoja ukutani.

Nilimkuta amesimama amekumbatia baiskeli yake, uso ameugeuzia ukuta, kama mtu anayejificha na mvua. Taa yake ilikuwa inawaka. Ilimulika viatu vyake.

"Umeumia?"

"Hapana."

"Mbona umesimama?"

Nikamshika mkono, ulikuwa baridi.

"Sioni," alisema.

"Huoni nini?"

"Sioni kitu, bibie. Tangu nlipoingia. Nliona taa yako, ilipokata kona nikawa sina kitu. Ukuta nauhisi tu."

Nikamwambia ni giza, hata mimi sioni vizuri. Akatikisa kichwa. Alisema maneno yale polepole, na lori jengine linanguruma mbali: kwamba usiku haoni, si jana wala juzi, ni miaka. Kwamba aliacha kuendesha gari usiku kwa sababu hiyo, siyo kwa kuchoka kama alivyonambia. Alidhani ni uzee. Alidhani watu wote wakifika umri wanakuwa hivyo, na kulisema ni kujitia unyonge.

Nikifikiria sasa, naona Maskati ilitufichia. Jua letu ni jua lisiloacha kitu kivulini, kuta nyeupe, mchanga mweupe, na jua likizama taa za barabarani zinashika zamu mpaka asubuhi. Nyumba yetu yenyewe ina taa kila kona. Mtu anaweza kupoteza macho yake nusu katika mji ule na asijue, wala mkewe asijue. Ilibidi twende mpaka kwenye msitu wa watu wengine ndiyo tukutane na giza.

Siku ile sikuwaza hayo. Niliwaza lori. Nikamwambia tuziache baiskeli zote mbili, nitazifuata baadaye, tutoke kwanza. Akakataa kuiacha yake. Basi nikaifungua kengele kwenye mfuko wake, nikaifunga mkononi, nikatangulia mbele yake juu ya ule ukingo, kuelekea mlango wa pili, nikipunga mkono kila hatua, naye akanifuata anasukuma baiskeli yake. Nilikuwa nazungumza bila ya kusimama. Sijui nilisema nini. Nakumbuka nilimhesabia samaki wa sokoni Muttrah, mmoja mmoja, jodari, nguru, changu, na yeye nyuma akanisahihisha, "Umemwacha kolekole." Tukatokea nje, mvua inanyesha, na mchana ule wa mawingu ulituumiza macho kama wa Maskati.

Nilirudi ndani kuichukua baiskeli yangu. Yeye alikaa juu ya kingo za chuma za barabara, mvua inamnyeshea, hakujaribu kujikinga.

Nyumba ya wageni tuliyokuwa tumepanga kulala haikuwa mbali. Mwenyewe alikuwa mwanamke wa miaka sabini hivi, mfupi, mwepesi, anayekwenda kwa haraka kama kwamba wageni ni thalathini, kumbe ni sisi wawili tu. Alizichukua nguo zetu zilizorowa bila ya kutuuliza. Tulikuwa tumemwambia kwa simu kwamba hatuli nguruwe wala hatunywi pombe, na jioni akatuletea samaki wa mtoni aliyechomwa kwa chumvi, amechomekwa kijiti kutoka mdomoni mpaka mkiani, na wali, na mboga asizoweza kutueleza ni nini. Tulizungumza naye kwa simu, sisi tunaiambia kwa Kiarabu, simu inamwambia kwa Kijapani. Mume wangu akataka kujaribu Kiswahili. Akaiambia simu, "Samaki wako mtamu, mwambie mpishi asihame." Simu ikasema kitu kilichomfanya yule mama aweke bakuli chini, akashika meza kwa kucheka. Hatukujua kilikuwa kitu gani. Mume wangu naye alicheka, na kwa muda ule mdogo nilidhani mambo yatakuwa sawa.

Baada ya kula yule mama akatandaza ramani yake. Njia yetu ya kesho ilikuwa kupanda mpaka pale barabara inapovuka mlima, kisha kuteremkia bonde la pili. Mume wangu alikuwa amepawekea duara pahala hapo kwenye ramani yetu tangu watoto wadogo. Treni yake ya ujanani ilipita chini yake. Barabara kubwa ya magari sasa inapita ndani ya mlima, kwa handaki refu kuliko lile. Yule mama aliweka kidole juu ya handaki akatikisa mkono, hapana, kwa baiskeli hapana. Kisha akapandisha kidole kwenye mstari mwembamba uliojipinda juu yake. Simu ikatuambia: barabara ya zamani. Haina magari. Haina handaki. Juu kuna uwazi. Kesho jua.

Mume wangu aliuangalia mstari ule kwa karibu sana, pua karibu iguse karatasi. Nami nikamwangalia yeye anavyokizungusha kichwa kuutafuta, kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Ndipo nilipojua kwamba si usiku tu.

Sikulala vizuri. Asubuhi nilipoamka alikuwa ameshavaa, amekaa mbele ya mlango wa kioo unaotazama bustani.

"Mvua imekatika," alisema. "Twende zetu juu."

"Juu wapi?"

"Njia ya zamani. Bibi kasema haina handaki."

"Ina msitu. Juzi umeparamia jiwe mchana."

"Ntakaa nyuma yako. Nnaisikia kengele."

"Na mteremko wa upande wa pili?"

"Tutateremka kwa miguu. Nani anatukimbiza?"

Nilikuwa na khofu. Bado nilikuwa nikilisikia lile lori kifuani. Nilimwona mawazoni akipita kwenye ukingo wa barabara yenye majani ya vuli yaliyorowa, korongo chini yake, na mimi nikiwa mbele sijui. Nikamwambia kwa sauti niliyokuwa nikiwatumilia wanafunzi, "Hatwendi. Tunateremka steshini, tunarudi nyumbani, tunamwona daktari. Mwakani tutakuja tupande kwa raha zetu."

Aliendelea kutazama bustani.

"Mwakani," alisema. "Haya."

Hakubisha tena, na mimi nilikuwa nimejitayarisha kubishana. Laiti angebisha. Mara nyengine nafikiri lau angesema neno moja zaidi ningelainika, tungelijaza maji chupa zetu tukaondoka. Lakini yeye si mtu wa kurudia ombi.

Yule mama alitufungia wali ndani ya majani makavu ya mwani tule njiani, akasimama barabarani akiinama mpaka tulipopinda. Tulishuka kwa njia ya mtoni, tambarare, wazi, jua limetoka kama alivyosema. Nilitangulia mimi. Pahala pamoja nikageuka kumtazama, na juu ya bega lake nikauona mlima wote. Mawingu yalikuwa yameuondokea. Majani mekundu na ya manjano yalipanda ubavuni mpaka karibu na juu, na juu palikuwa na pengo kati ya vilele viwili, uwazi mweupe wa mbingu. Pale ndipo ilipopita njia. Palionekana karibu mno. Mume wangu alikuwa ameinamia usukani, macho kwenye mgongo wangu. Hakugeuka, na mimi sikumwambia ageuke.

Kwenye treni nilikaa naye upande wa dirisha la mlima. Nikaanza kumweleza kinachopita: mto huo, daraja la kamba, mtu anachoma majani, mbwa. Nilimweleza kila kitu, kwa haraka, nikiogopa kisinipite.

"Bibie," akasema, "usinisomee kama gazeti. Cha mbele yangu nnakiona."

Nikanyamaza. Tulikwenda hivyo mpaka mjini.

Daktari wa macho hapa Maskati alikuwa mwanamke kijana, mtoto wa watu wetu wa Unguja, alipotusikia tunaongea akatujibu kwa Kiswahili. Baada ya mashine zake zote alikaa mbele ya mume wangu, magoti karibu yagusane, akainua mikono yake pande mbili za uso wake mwenyewe.

"Nitazame puani, mjomba. Vidole vyangu unaviona?"

"Vidole gani?"

Akavisogeza ndani, na ndani tena. Vilipokuwa karibu kugusa mashavu yake ndipo mume wangu aliposema, "Hivyo hapo." Mimi nilikuwa nimekaa kitini pembeni. Baadaye nilitambua kwamba muda wote ule nilikuwa nimekaa pahala asiponiona.

Daktari alisema ugonjwa huo ni wa kuzaliwa nao, unaanza na usiku, kisha unakula kutoka pembeni kuja kati. "Hukuona tabu gizani, mjomba, miaka yote hii?"

"Maskati giza liko wapi, mwanangu?" alimjibu.

Nilimwuliza nililotaka kumwuliza, kama mwakani mume wangu ataweza kupanda baiskeli. Alisema wengine hukaa hivyo miaka kumi, wengine hushuka upesi, hakuna anayeweza kusema. Mume wangu alishuka upesi. Mwakani yake, vuli ilipoingia huko Japani, alikuwa hawezi kuvuka uani bila ya kugonga birika la maji ya maua. Baiskeli yake tukampa mtoto wetu mkubwa. Yangu ninayo, na Ijumaa bado nakwenda na kikundi, kwa sababu yeye hataki kusikia niache. Nikirudi ananiuliza njia ilikuwaje, kama alivyokuwa akiniuliza mama yake.

Jioni tunatembea ufukweni Qurum. Ananishika kiwiko, anatembea kwa haraka kuliko mimi, watu wanatupisha. Mwaka jana, katika matembezi hayo, nilimwambia lile jambo. Kwamba kila siku naufikiria ule mlima. Kwamba njia ilikuwa nyeupe, hewa safi, na ni mimi niliyemnyima.

Akaendelea kutembea kwa haraka ile ile.

"Mimi siufikirii," alisema. "Ule hata nngeupanda nsingeuona vizuri. Mimi nnaufikiria mwaka ule mama alipotwambia twende. Mabegi yalikuwa mlangoni. Macho yangu wakati ule yalikuwa mazima, wallahi, nlikuwa nasoma nambari ya gari kutoka juu ya daraja."

"Kazi ilikuita."

"Iliniita, na mie nikaitika mbio. Mtambo wenyewe walishaubomoa."

Sikujua kwamba amelibeba hilo. Miaka yote nilidhani majuto ya safari ile ni yangu peke yangu, kumbe kila mmoja alikuwa na yake, na yake ni makubwa kuliko yangu, kwani mimi nilimnyima asubuhi moja tu. Nilitaka kumwambia neno la kumpoza. Tukafika mwisho wa njia, tukageuza.

Wakati wa baridi uliopita mtu mmoja katika kikundi chetu alinunua baiskeli ya watu wawili, kiti mbele na kiti nyuma, pedali zimefungwa pamoja. Akanambia, mlete bwana. Nilimpeleka asubuhi, kwenye uwanja wa maegesho, nikakaa mbele na yeye nyuma. Tulizunguka mara chache. Nilihisi nguvu zake zote miguuni mwangu, bado anazo, ananisukuma niende mbio kuliko ninavyotaka. Lakini kila nilipokata kona alikaza mwili, na tuliposimama akashuka kabla sijaweka mguu chini.

"Khalas," alisema. "Sioni njia wala sishiki breki. Kuwa mzigo si ndiko huku?"

Nikamwambia atazoea. Akasema hataki kuzoea. Njiani kurudi nyumbani, ndani ya gari, nilifikiria kwamba lau tungeijua baiskeli ya namna hii siku ile, kule kwenye nyumba ya wageni, pengine tungepata njia ya kupanda. Halafu nikajikataza. Mawazo ya namna hiyo hayana mwisho, na mimi nimeshayafuata sana.

Juzi, tunakunywa chai, aliniuliza kama yule bwana bado anayo ile baiskeli yake.

"Anayo," nikamwambia.

Akapuliza chai yake, akanywa. Nimempigia yule bwana simu leo asubuhi, mume wangu akiwa msikitini, nikamwomba asiiuze.